Mianzi Iliyokuwa Ndani ya Kompyuta

Kompyuta ilikuja nyumbani kwangu Njombe kutoka Makambako, imefungwa kwa kanga mbili, binti yangu ameipakata mbele kwa dereva. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa. Ofisi alimokuwa anapiga chapa ilipata mwenyewe mpya, na wafanyakazi wakaambiwa wachague kati ya kiinua mgongo na vitu vilivyokuwa vinaondolewa. Yeye alichagua mashine. Nilimwambia amechagua vibaya, na sikurudia, maana mtu mzima huambiwa mara moja.

Aliiweka sebuleni juu ya meza ya kulia chakula. Nikaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, kama nilivyoifumia redio. Haikuwa kwa mapenzi, ilikuwa kwa ajili ya vumbi. Watu wakaanza kuja kuandikiwa barua za posa, ratiba za mazishi na maombi ya kazi, nikalazimika kuwa na chai wakati wote.

Mimi nilisoma kwa masista hadi darasa la nne. Kuandika najua. Lakini siku zile barua ya mkono ukiipeleka barazani waliipokea kama karatasi ya kufungia karanga, na mimi nilikuwa na shauri la kupeleka barazani.

Marehemu mume wangu aliacha mianzi kule Mdandu, bondeni, kando ya kijito. Ilikuwa mashina mawili makubwa, moja juu na moja chini karibu na maji. Kwetu mtu anaweza kuwa na mianzi ndani ya shamba la mwingine na hakuna anayeshangaa, kwa sababu mwanzi ni wa aliyeupanda. Yeye ndiye atakayeugema, na ulanzi, pombe itokayo humo, ni wake. Mume wangu alipofariki, wifi yangu, dada yake marehemu, alianza kutundika mbeta zake, vile vikopo vya mwanzi vya kukingia ulanzi, kwenye shina la chini. Nikazing'oa. Akatundika nyingine. Nikazing'oa tena, moja nikaipasua kwa makusudi. Basi akanishitaki, na baraza la kijiji likatutaka kila mmoja alete maelezo yake baada ya mavuno.

Kila Jumapili baada ya misa nilikaa nyuma ya binti yangu nikasema, yeye akaandika. Nilieleza nani alilima bonde lile, nani alichimba mashimo, miche ilitoka wapi. Nikaeleza pia mambo ya wifi yangu tangu nilipoolewa, pamoja na siku aliyoonja ugali wangu mbele ya wakwe akauliza kama nyumbani kwetu tunapikia mbuzi. Jumapili ya tatu tulifika ukurasa wa nne. Binti yangu akataka kuyatoa kwenye karatasi kwa printa yake. Nikamwambia bado, sijamaliza. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na ni langu.

Wiki iliyofuata mashine iliugua. Herufi zilidondoka zenyewe chini ya kioo, halafu ikazima katikati ya barua ya mtu. Virusi, alisema binti yangu. Haikuwa mara ya kwanza. Fundi wake wa Makambako alikuwa ameshaipakia upya mara mbili, kwa programu za kunakili kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mtu mwingine. Kila mara kompyuta ilidai namba ndefu ya siri, naye aliitunza namba hiyo nyuma ya pakiti ya sigara. Sasa pakiti ilikuwa imepotea. Alipopigiwa simu alisema kuna njia nyingine. Kuna mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hauna namba wala mwenyewe wa kukudai, watu wameutengeneza na kuuachia, na virusi vile vinavyozunguka haviuwezi. Ila ili uingie, vya zamani vyote vifutwe kwanza.

Niliuliza na maneno yangu je. Binti yangu akasema ameshayanakili kwenye flopi tatu, vile visahani vya plastiki vya mraba. Hakutaka kusafiri nazo kwenye basi. Alinikabidhi akasema niziweke pakavu, pasipo wadudu. Nikamwambia hilo sihitaji kufundishwa.

Tulikwenda wote wawili, maana sikutaka maneno yangu yafutwe nisipokuwepo. Kibanda cha fundi kilikuwa nyuma ya gereji za malori, na kila lori lililowashwa liliitikisa meza. Alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu, mtaratibu, akaniletea kiti na kunipa shikamoo kabla ya kuigusa mashine. Nilimwuliza kama kitu cha bure hakina kasoro. Akacheka kidogo, akaniuliza kwetu mtu akiomba mbegu kwa jirani anauziwa. Nikasema hapana, anapewa, naye akija kuombwa atampa mwingine. Akasema basi ni hivyo hivyo, akatia kisahani kinachong'aa ndani ya kompyuta.

Mashine ilisimama, ikauliza jambo kwa Kiingereza. Fundi akaondoa kidole.

"Bibi, hapa nikibonyeza hakirudi kitu. Vyenu mmevihifadhi?"

Binti yangu alinitazama mimi.

"Viko pakavu," nikasema. "Bonyeza."

Akabonyeza. Ilichukua muda wa kunywa chai vikombe viwili. Maandishi meupe yalipanda kwenye kioo cheusi, kisha akatokea ndege mnene mweusi mwenye tumbo jeupe, amesimama kama mtu. Nikasema huyo ni kunguru aliyeshiba. Fundi hakubisha. Alimwonyesha binti yangu pa kuandikia, pa kuhifadhi, na namna ya kutoa kwenye karatasi, halafu akampa kisahani awe nacho, na yeyote atakayekihitaji amnakilie. Tulirudi siku ya pili yake, maana alitaka aione ikishinda imewashwa bila kuzima.

Nyumbani ukungu ulikuwa umekaa tangu asubuhi. Binti yangu aliichomeka mashine, ndege akatokea tena, akafurahi.

"Mama, niletee flopi. Umeziweka wapi?"

"Jikoni, juu darini."

"Dari lipi?"

"Kuna madari mangapi? Juu ya moto, pamoja na mbegu za mahindi."

Mimi nilitoka kwenda kuzileta. Mwezi wa sita Njombe hakuna mahali pakavu ndani ya nyumba isipokuwa hapo. Nguo haikauki, chumvi inatoa maji, hata kitabu cha nyimbo kinaota ukungu. Juu ya moto moshi unafukuza fukusi na mbegu inakaa mwaka mzima. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Flopi zilikuwa zimejikunja kama uyoga mkavu, nyeusi, na bati dogo la moja limebanduka likabaki mkononi mwangu. Niliziweka mezani. Binti yangu alijaribu kutia moja, haikuingia hata nusu.

"Tutaandika upya," akasema. Baraza lilibakiza siku nne.

Alifungua ukurasa mpya, nikakaa nyuma yake kama mwanzo. Safari hii hapakuwa na nafasi ya ugali wala wakwe. Ilibidi niseme lililopo tu: siku ile bondeni, nani alikuwepo, nani alishika nini. Mume wangu alichimba mashimo. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, nikachota maji. Nilipofika kwenye miche nilichukua kile kitambaa cheupe cha mashine nikakikunja. Binti yangu akasubiri, mikono juu ya herufi.

"Andika," nikamwambia. "Miche ililetwa na wifi yangu, kwa kichwa, kutoka kwa mama yake. Shina la juu alipanda mume wangu. Shina la chini alipanda yeye."

Aligeuka. "Mama, mara ya kwanza hukusema hivyo."

"Sikusema."

"Ulikuwa umesahau?"

"Sikusahau. Andika."

Yalikuwa nusu ukurasa. Aliyatoa kwenye karatasi siku ile ile, kabla sijaongeza kitu. Barazani mwenyekiti aliyasoma kwa sauti, na wifi yangu, aliyekuja na mashahidi wanne wamevaa masweta ya kanisani, hakuwa na haja nao tena. Tukagawiwa, la juu langu, la chini lake. Mbeta niliyoipasua nililipa kwa mbeta.

Tulipotoka alinisalimu, "Kamwene, wifi," kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikaitika. Akaomba naye apate karatasi ile, isije siku moja wajukuu wakabishana. Binti yangu akamtolea nyingine, maana safari hii ilikuwa imehifadhiwa ndani ya mashine, na mashine haikuugua tena.

Nilipomtembelea wifi msimu wa ulanzi nilimwuliza karatasi ameiweka wapi. Akanionyesha kwa kidole, juu ya moto, ndani ya kopo la maziwa. Nikamwambia aishushe. Akasema hataki, pale ndipo pakavu.