Galaksi Iliyokuja na Lori

Leo bibi yangu kanifelisha fizikia. Mimi, mwalimu wa fizikia!

Nilikuwa kibarazani kwake najifanyia mazoezi ya somo la kesho. Yeye anabangua korosho, wala hanitazami.

Nikaanza kwa mbwembwe: "Bibi, galaksi ni kundi kubwa la nyota. Kubwa ikikutana na ndogo inaivuta, inaimeza, zote zinakuwa kitu kimoja. Hakuna tena mgeni wala mwenyeji."

Alivyocheka! Nusura apaliwe.

"Hotuba hiyo nishaisikia, mjukuu wangu. Enzi za vijiji vya ujamaa. Aliyeisoma alikuja na lori, akatupakia sisi na kuku wetu. Mikorosho tukaiacha."

Ah bibi, nikamwambia, hiyo siasa, hii sayansi.

"Haya. Hizo nyota ndogo ziliulizwa?"

Nikajifanya napekua daftari langu la somo.

"Na zikishamezwa, zinasahau kwao?"

"Zinasahau," nikajibu kifua mbele.

Akanisogezea kapu. "Hizi korosho nimeziokota wapi juzi?"

Kule kule kwao, kwenye mikorosho waliyoiacha. Kila msimu, miaka yote hiyo, njia ile ile.

Sasa aibu yangu. Kwenye daftari kuna ukurasa niliouruka kwa uvivu: nyota za galaksi iliyomezwa hutambulika hata leo, kwa sababu bado zinakwenda mwendo wa kwao.

Nikamsomea, nimenywea.

Haya, chekeni. Semeni kesho niingie darasani na uso gani, maana bibi kanimalizia hivi:

"Yule wa lori naye alikuwa na daftari. Sisi ndio ukurasa aliouruka."