Vumbi la Anko Dinesh

Jiwe linalokatwa lina harufu kavu, kama ya chaki iliyoungua. Harufu hiyo ilijaa ua wa nyuma ya fleti zetu, Woolwich, majira ya joto nilipokuwa na miaka tisa. Ilitoka kwenye gereji ya Anko Dinesh, mzee wa Kihindi aliyeishi chini yetu. Ujana wake wote alichora picha za vitabu vya watoto, kwanza Bombay, kisha hapa London. Wachapishaji walipoacha kununua michoro ya mkono, akageukia kuchonga mawe. Wakati ule alikuwa akimchonga marehemu mkewe, na aliniambia huku akicheka kwamba hafi mpaka amalize. Mimi sikucheka.

Nilikuwa nikikaa mlangoni kumtazama. Mazoea ya uchoraji yalikuwa hayajamtoka: zamani, akishafuta kosa kwenye karatasi, alipuliza chembe za raba. Kwenye jiwe alifanya vivyo hivyo. Akikata kidogo, aliinamisha uso na kupuliza, vumbi likamrudia puani, naye akaendelea na kazi. Barakoa ilining'inia msumarini. Alisema inamzuia kupuliza.

Siku moja Mama, Mpemba asiyemung'unya maneno, alikuta kanga zake zimekuwa nyeupe kambani. Akashuka, akamsema. Mzee aliona haya, akaomba radhi, na kuanzia hapo akawa anafanya kazi mlango umefungwa. Kanga zikakauka safi. Tukabaki kusikia mashine ikinguruma ndani, kisha kikohozi, kila wiki kirefu zaidi. Mama, aliyekuwa akihudumia wagonjwa majumbani, alisimama na nguo mbichi mkononi akisikiliza. "Kifua kile si cha mafua," aliniambia. "Usende tena kule." Nilingoja ashuke amwambie Anko afungue mlango. Hakushuka.

Anko alifia hospitali kabla majani hayajaanza kupukutika. Sanamu iliishia mabegani. Mkewe hakupata uso.

Sasa naishi Thornton Heath, mtaa mwingine wa London, na vitabu vya mwanangu vimechorwa kwa kompyuta. Majuzi nilimuuliza Mama kama anamkumbuka Anko. "Alikuwa mtu mzima," akasema upesi. "Mlango angeufungua mwenyewe." Nilikuwa na jibu, lakini alikuwa akiikunja upya kanga aliyokwisha kuikunja. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea Anko, nikashika ncha ya pili nikamsaidia kukunja.