Hakuna wa Kumwitikia Mama

Napiga fidla katika okestra hapa Maskati, safu ya nyuma. Muziki ninaoupenda kuliko wote ni ule wa karne iliyopita, wa watunzi waliozunguka vijijini kwao wakinasa nyimbo za wakulima, kisha wakazitia kwenye okestra. Kwa hiyo mtunzi mmoja mgeni alipokuja kwetu akitafuta wimbo wa kienyeji wa kutungia kazi mpya, kiherehere changu kikanituma nimpeleke nyumbani, mtaa wa Mawaleh, kwa mama yangu.

Tangu ujana wake Unguja, Mama ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za harusi, na dada zake wawili wakimwitikia. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, na tangu hapo Mama hakuimba tena.

"Nnaimba na nani?" aliuliza tulipomwomba.

Mtunzi akawasha kinasa sauti, akataka aimbe peke yake, eti sauti iwe safi. Alituzimia kiyoyozi, katikati ya joto la Julai, na kila nilipofungua kinywa kuitikia akanionyesha kidole mdomoni. Mama akaimba mstari, akanyamaza kuwapa nafasi wasiokuwepo, akaimba mwingine.

Nota zilipoletwa nilitaka kulia. Kila penye nafasi ya kuitikia, bwana huyu kaandika kimya. Okestra nzima, kimya! Nikamfuata kumweleza. Akanijibu kwamba kimya hicho ndiyo roho ya wimbo, ndiyo huzuni ya jangwa. Jangwa gani tena? Wimbo wa harusi, wa Unguja, umejaa mvua na mikarafuu! Akatabasamu kama daktari mbele ya mgonjwa mbishi, na kondakta wa okestra akaniambia nirudi kitini.

Mama naye alikuwa akiingoja siku ya onyesho kwa hamu.

"Watu wote hao wataniitikia," alisema, huku akifukiza nguo zake udi. Nikajitia kukaza nyuzi za fidla.

Alasiri ya onyesho fidla zikaanza mstari wa Mama. Kimya. Mama, safu ya pili, akangoja. Mstari wa pili, kimya tena. Wa tatu ulipokwisha akaitikia mwenyewe, kwa sauti yake yote ya harusini. Watu wakageuka. Mtu mmoja aliyeketi kando yake, nadhifu kweli kweli, akamnyamazisha. Mama akajiziba mdomo kwa mtandio. Nami niko jukwaani, fidla kidevuni.

Tukakwama kwenye foleni ya magari ya kurudi nyumbani.

"Nimekutia aibu, mwanangu?"

"Aibu iwashike wao, Mama! Wamekusanyika wote wale na hakuna hata mmoja anayejua kuitikia! Hebu anza."

"Hapa? Watu wanatutazama."

"Na watutazame."

Akaanza, taratibu. Nikadakia.

"Ngoja nimalize kwanza!" Akanipiga kofi la paja. "Dada zangu hawakuwa na papara hivyo."

Akaanza upya. Safari hii nikangoja zamu yangu, nikaitikia, naye akaendelea.