Cherehani Ikawa Mali ya Wote

Mwenyekiti aliuliza, "Wanaokubali cherehani iwe mali ya chama?" Mikono ikanyooshwa ukumbi mzima. Mimi nilikaa mbele, katika ule ukumbi wa kanisa tuliokuwa tunaazimwa Jumapili pale Tumba, huku kwa Waswidi, nimevaa koti la kupewa, nywele bado zinanuka moshi. Walionyoosha ni watu niliowashonea. Mama mmoja wa Kikongo alinyoosha akiwa ndani ya blauzi niliyomkatia mimi na kumpimia mimi.

Nirudi nyuma, maana anayesikia hivi atadhani tulikuwa wendawazimu.

Tulikuwa chama cha watu wa Kiswahili: Watanzania, Warundi, Wakongo, na Mkenya mmoja aliyejaa utani. Kazi yetu ilikuwa kuzikana na kuozana, basi. Miaka ile ya elfu mbili na kidogo tukamchagua mwenyekiti mpya, Mtanzania mwenzangu, aliyepelekwa ujanani kusomea uchumi Ujerumani Mashariki enzi za ukomunisti. Mimi niliishia darasa la nne. Mtu akisimama mbele yangu na kusema "uchumi", nilikuwa nanyamaza.

Yeye ndiye aliyeleta jambo hili. Namtaja kwa cheo chake, anajijua.

"Ndugu zangu," alisema, "kampuni za bima ni wanyonyaji. Unalipa miaka kumi, huunguliwi, umepata nini? Kule nilikosoma hakukuwa na upuuzi wa bima. Nyumba ya mmoja ikiungua, wote wameunguliwa, na jumuiya inamfidia. Sisi tunashindwa nini?"

Tukapiga makofi. Sijui kwa nini nilipiga, mimi niliyeona nyumba ya baba yangu ikibomolewa tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, akaambiwa fidia iko njiani, akafa anaingoja. Lakini huku ugenini mtu akikuita ndugu, moyo unalainika. Nikampa binti yangu simu, akaikatisha bima yetu ya nyumba. Aliniuliza kwa Kiswidi kama nina hakika. Nikamwambia wewe tafsiri tu.

Kwetu Norsborg nilishona katika chumba cha kulala. Mashine mbili, moja ya kushonea na moja ya kuzungushia pindo, na chini ya kitanda vitenge vya wateja. Disemba ile nilikuwa na sare za harusi ya Warundi wa Märsta, akina mama wote rangi moja. Dirishani niliweka taa za Krismasi kama kila mtu hapa. Waya wake ukashika moto, ukaingia kwenye pazia, pazia likashusha moto kwenye vitenge. Nilipotoka jikoni chumba hakiingiliki. Tulitoka na nguo tulizovaa.

Chama kilikuja. Siwezi kusema uongo, walileta magodoro, mablanketi, sufuria, unga na sukari. Nikashukuru. Ila nikasema mbele yao wote: magodoro nitalalia, lakini nitakula nini? Nirudishieni mashine, nilizipoteza mbili, nirudishieni hata moja. Ndipo ukaitwa ule mkutano.

"Dada yetu," mwenyekiti alianza kwa sauti ya upole, "sisi hatulipi kilichopotea. Kulipa kilichopotea ni bima ya mabepari. Aliyekuwa na kingi anarudishiwa kingi. Sisi tunaangalia haja. Kulala ni haja. Kula ni haja. Cherehani ni nyenzo ya uzalishaji. Tukimpa mtu mmoja, tumetengeneza mnyonyaji."

"Nimnyonye nani?" nikauliza. "Sindano?"

Watu wakacheka. Yule Mkenya akadakia, "Mama fundi, kumbe wewe ndiye bepari wa Norsborg na hutuambii!" Wakacheka zaidi.

"Basi mnipe kazi yangu niendelee nayo," nikasema. "Sare za watu zimeungua, nitawaambia nini?"

"Chama kitanunua cherehani," mwenyekiti akasema. "Itakuwa ya wote. Kila mwenye shida atatumia kwa zamu."

Mweka hazina akaunga mkono kabla hajamaliza. Katibu naye akaunga mkono. Kati ya hao wote, nani anajua kushona? Hakuna. Hata kutia uzi hawajui.

Mashine ilinunuliwa, mpya. Ikawekwa stoo ya mwenyekiti, na ufunguo anao yeye. Nilipokwenda mara ya kwanza mkewe akaniambia, "Mzee hayupo, dada, na mimi siruhusiwi kufungua." Mara ya pili alikuwepo, akasema niandike ombi lijadiliwe na kamati. Wateja wakapata fundi mwingine. Mimi nikaenda kufagia ndani ya ndege za abiria uwanjani huko Märsta, na mgongo huu uliopinda mnaouona umetoka huko.

Huko nilifanya kazi na mama mmoja Mjerumani aliyekulia upande ule ule wa mashariki. Siku moja, tukinywa kahawa, nikamsimulia habari zangu. Akaweka kikombe chini.

"Nani amekwambia hatukuwa na bima? Mama yangu alilipia bima ya vitu vya nyumbani kila mwaka. Ilikuwa ya serikali, na karibu kila jirani alikuwa nayo. Bomba lilipopasuka, zulia letu lililipwa."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Sasa namuuliza mwenyekiti, na nataka anijibu mbele ya wale wale walionyoosha mikono, si kwa simu wala kwa kunitumia mtu. Uliishi kule miaka, ulipanga chumba kwa wenyeji, ulikula mezani kwao. Ulijua, au hukujua? Kama hukujua, kwa nini ulisimama mbele yetu na kutufundisha? Kama ulijua, ni nani alikupa ruhusa ya kuniacha bila bima, halafu ukaifungia kazi yangu stoo? Na mweka hazina na katibu mkae pembeni yake mkisikiliza, kwa sababu zamu yenu ya kujibu inafuata.