Injini ya Mama Anne Iliyozimika Kila Feni Ilipoanza

Saa moja asubuhi, Symphorien Kabeya amepiga magoti kando ya injini ya gari isiyo na gari. Injini imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji, na mkanda mpana unaiunganisha na mashine ya kusaga. Mkononi ana waya mweusi. Anaupitisha polepole, mbali na nyaya za plagi, mpaka kwenye kisanduku cha plastiki kilicho ukutani.

Nje, wanawake kama ishirini wamekwisha kupanga mabeseni ya mahindi na mihogo mikavu. Hakuna anayemharakisha. Mmoja ameingia, akamsogezea kigoda, akatoka.

Hapa ni Katanika, karibu na Kalemie, jirani na kambi ya watu waliokimbia makwao. Mashine ni ya Mama Anne, mjane wa miaka hamsini na minane. Leo Jumamosi ndiyo siku ya mwisho aliyompa fundi. Injini ikizimika tena, ataiuza kwa mnunuzi wa vyuma, na wanawake hawa watarudia kubeba mabeseni hadi mjini: saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi.

"Simuchukii Papa Symphorien," anasema Mama Anne. "Lakini nimechoka kurudishia bamama unga nusu, mahindi nusu."

Symphorien, 43, alijifunza ufundi kwenye malori huko Kabalo. Kompyuta ya injini hii ilipoungua miaka miwili iliyopita, hakupata nyingine. Aliagiza vipande kupitia wafanyabiashara wa Kigoma, akaunda ya kwake kwa lehemu na subira ya wiki tatu. Kisanduku hicho cha ukutani ndicho kinachoiambia injini lini inyunyize petroli na lini iwashe cheche.

Kilifanya kazi vizuri hadi Machi, bomba la maji ya kupoza injini lilipopasuka. Maji yote yalimwagika, na kihisi pekee kilichokuwepo, kifaa cha kupima joto la maji, kikabaki kikipima hewa. Injini ilipata moto kupita kiasi hadi gasketi ikaungua. Matengenezo yalikula dola themanini na tano, zaidi ya anachopata kwa mwezi mzima. Alizitoa mwenyewe.

"Kosa lilikuwa langu," anasema. "Kisanduku kilikuwa na nafasi mbili za kapteri zaidi. Niliziacha tupu."

Kapteri ndivyo mafundi wa hapa wanavyoviita vihisi. Safari hii aliongeza viwili, kutoka kwenye magari mabovu: kimoja cha kupima msukumo wa oili, kingine cha kupima joto la chuma chenyewe, maji yawepo au yasiwepo. Vikiona hatari, kompyuta inazima injini kabla haijaharibika.

Lakini kihisi cha gari bovu hakiji na maelezo. Kile cha joto ilibidi akichemshe, ajue kinatoa namba gani kwa kila joto. Mkewe, Nadine, anayepika sabuni ya mawese, alimwazima kipimajoto chake na sufuria yake ya sombe, mboga ya majani ya mihogo. Kila joto lilipopanda digrii kumi, Symphorien aliandika namba ya multimita, kipimaumeme chake, katika daftari la shule.

Maji yalichemka kwenye digrii tisini na saba. Akasema kipimajoto kimeharibika.

"Kipimo yangu haina shida," Nadine alimjibu. "Huku kwetu juu maji inachemkaga pale. Mimi niko napika sabuni miaka kumi, weye umepika kapteri moja."

Jumanne alifunga kila kitu. Injini ikazimika mara tatu kabla ya saa sita, ingawa oili ilikuwepo na joto lilikuwa sawa. Alikagua nyaya zote, akarudia, akakosa kasoro.

Aliyemsaidia ni Mama Consolate, mkimbizi kutoka upande wa Nyunzu, anayekuja na beseni lake kila Jumanne na Jumamosi. Akisubiri, hukaa mbele ya rejeta, penye upepo wa feni.

"Papa, hii injini haikufake ovyo," alimwambia. "Inakufa feni ikianza. Mimi nakaliaga hapa juu ya upepo. Napata kidogo tu, imekufa."

Symphorien aliweka multimita chini.

Kila kihisi kina waya wa kurudisha umeme, unaoitwa masi. Alikuwa ameufunga kwenye bloku, chuma chenyewe cha injini, kama alivyofanya maisha yake yote. "Sisi wote hapa tulifundishwa: bloku njo masi. Taa, honi, kila kitu unafunga pale," anasema. Lakini feni ilipovuta umeme mwingi, masi ya injini na masi ya kompyuta hazikuwa sawa tena. Kompyuta ilisoma kwamba msukumo wa oili umepungua, ikazima injini. Kihisi kilitaka waya wake urudi kwenye kompyuta yenyewe.

Huo ndio waya mweusi wa asubuhi hii. Anakaza skrubu ya mwisho na kusimama.

"Mama Consolate, kaa pahali pako."

Anakaa. Injini inawaka, mkanda unazunguka, mahindi yake yanamiminwa ya kwanza. Dakika kumi na mbili zinapita. Feni inaanza, sauti ya injini inashuka kidogo, kisha inaendelea. Kitenge cha Mama Consolate kinapepea. Beseni lake linajaa unga, na anaponyoosha pesa, Mama Anne anaurudisha mkono wake: leo halipi.

Ndipo Symphorien anachomoa waya wa kihisi cha oili. Injini inazimika papo hapo.

"Tena?" anauliza Mama Anne, mikono kiunoni.

"Ile nimeiua mimi, Mama. Nilitaka muone inajua kufa siku ya hatari."

"Unapenda kunipasua roho," anasema Mama Anne, lakini anacheka. Kisha anamtuma mtu kwa mnunuzi wa vyuma kumwambia asije.

Mwenye mashine mmoja wa Kirungu amekwisha kuulizia kisanduku kama hiki, na Symphorien ataanza kukiunda mwezi ujao. Kabla ya hapo atafunga hapa Katanika taa nyekundu itakayowaka kihisi kikiona hatari. Ataiweka nje, juu ya mlango, ikiwatazama wanawake kwenye foleni.

"Mwendesha mashine anaangalia mahindi," anasema, akikisogeza kile kigoda mbele ya feni. "Bamama njo wanaangalia injini."