Nyekundu Yangu na Kompyuta Kumi za Nasrin

Nasrin, mtoto wa marehemu mdogo wangu Nafisa, alizaliwa na tundu moyoni. Daktari alisema hatafika miaka ishirini. Alifika thelathini na mmoja, na mingi katika hiyo aliishi kwangu, hapa Palma. Mimi ni mama yake mkubwa. Nitaeleza alivyokuwa, maana waliosema matangani walimfanya malaika, na malaika hakuwa. Alikuwa mbishi. Hilo alilipata kwangu.

Alikuwa anatengeneza simu na kompyuta, mezani pake karibu na stendi ya chapa, zile basi ndogo za abiria. Mwaka juzi Gildo, diretor wa eskola, yaani mkuu wa shule, huko Mbau, alimletea kompyuta kumi kuukuu walizopewa sadaka. Wasichana waliorudi kutoka ukimbizini walikuwa wamepoteza miaka, na masomo ya kuwafidia yalikuwa kwenye intaneti. Nasrin akaahidi kwamba eskola ikifunguliwa zote kumi zitashika intaneti. Akazitia programu ya bure, ile ambayo kila mtu anaweza kuifunua aone ilivyoandikwa. Zikawaka zote. Hata moja haikushika intaneti.

Aliniambia ubaya uko kwenye kidude kilicho ndani, kidogo kama ukucha, ndicho kinachonasa mawimbi hewani. Hakifanyi kazi mpaka kiambiwe maneno yake kwa mpango wake, na maneno hayo anayajua aliyekitengeneza peke yake. Akawaandikia wenye kampuni, awaombe. Wakamjibu mistari minne.

Alinisomea, akigeuza kwa Kiswahili. Wakiyatoa maneno, washindani wao wataona walivyofanya. Tena sehemu nyingine si yao, wameinunua kwa watu na kuahidi kutosema. Tena serikali zina sheria za mawimbi. Kidude kikiwa wazi mtu atakiongeza nguvu, kisumbue wengine, na lawama iwarudie wao.

"Wana haki," nikasema.

Nilikuwa nasuka mkeka. Nyekundu yangu hakuna aliyeipata kutoka hapa mpaka Mtwara. Nilifundishwa na mke mwenzangu, Mungu amrehemu, akaniapisha. Nikiutia ukindu rangi nafunga mlango, hata wanangu hawaingii.

Nasrin akasema iko sababu nyingine, ambayo hawakuiandika. Mara nyingine kidude ni kilekile, kinauzwa kwa bei mbili. Cha bei ndogo kimefungwa miguu kwa maneno tu. Kikifunuliwa, nani atanunua cha bei kubwa?

Nikaendelea kusuka. Mkeka wangu wa daraja la kwanza na wa daraja la pili hutoka sufuria moja. Ukindu wa daraja la pili nauopoa mapema, basi.

Akaniangalia. "Mama mkubwa, siku ukifa, nyekundu yako itakwenda wapi?"

"Itakwenda na mimi."

"Basi tuchimbe kaburi pana, sufuria nayo ipate pa kulala."

Nikamtupia kipande cha ukindu. Akacheka mpaka pumzi ikamkatika, akakaa chini, mkono kifuani. Alipopata pumzi akasema, taratibu, kwamba mtu mwenye moyo kama wake hana nafasi ya kuweka siri.

Miezi saba alihangaika. Alipata kompyuta nyingine yenye programu ya kampuni yenyewe, ambayo kidude chake kilifanya kazi, akawa anasikiliza kinavyoambiwa, kama mtu anayesikia mazungumzo nyuma ya ukuta. Kila alichokipata alikiandika daftarini, kisha akakipeleka kwenye intaneti wasome watu wote. Kompyuta za Mbau zikaanza kushika. Dakika tatu, nne, zinaachia. Akasema limebaki jambo moja tu, la mwisho. Miguu yake ilikuwa imevimba. Nikamwambia apumzike, akaniuliza mimi nilipumzika lini.

Eskola ikafunguliwa, jambo la mwisho halijapatikana. Gildo akazichukua kompyuta hivyo hivyo, wasichana wakawa wanajifunza kuandika tu, barua za kumpelekea mtu asiyekuwepo, maana intaneti ilikuwa inaachia. Wiki ya tatu, Ijumaa asubuhi, Nasrin alilaza kichwa mezani pake. Wenzake wa stendi walidhani amechoka.

Baada ya arobaini niliyafungua mafurushi yake, nikaliona daftari. Kusoma kwangu ni kwa kidole. Kurasa nyingi zilikuwa namba na maneno ya Kizungu, nikazipita. Karibu na mwisho ukurasa mmoja ulikuwa wa Kiswahili, na juu yake: Nyekundu ya mama mkubwa.

Alinisikiliza nyuma ya mlango, vilevile. Magome ya mkandaa, na siku ninazoyaloweka. Mara ngapi nasukuma kuni. Harufu ya chokaa ya makombe. Yote sawa, hakukosea hata moja. Chini kabisa aliandika: Halafu anakaa kimya kirefu. Anafanya nini? Sijui.

Mlango wangu unafungwa kwa kamba. Angeweza kuifungua, aje atazame. Hakuifungua. Alikuwa anangoja nimwambie.

Nikaomba kalamu kwa jirani. Tangu alasiri mpaka jua linazama niliandika chini yake mstari mmoja: Ipua kwanza, ngoja ipoe mpaka mkono uvumilie, ndipo utie chokaa.

Kiapo nimekivunja, na aliyeniapisha nitakutana naye karibuni, tutasemezana. Kompyuta za Mbau bado zinaachia.