Kopo la Mtani Wangu

Shanta lile nililichagua mwenyewe, gulioni Nachingwea, kwenye lundo la mitumba, na nililichagua kwa maringo. Muuzaji alinionyesha mawili ya kadiri, nikayasukuma kando. Nilitaka lile kubwa la kijani, lenye mkanda wa kiunoni na mifuko ubavuni, ambalo ukilisimamisha chini linanifika kifuani. Nikamwambia anijazie suruali za jinzi ndani, nikalivaa, nikazunguka nalo sokoni. "Unahama?" akaniuliza mama mmoja muuza vitenge. Nikamjibu naenda porini na watafiti wa miti, siku kumi, tunalala kwenye mahema. Nilisema kwa sauti ili na wengine wasikie.

Kazi hiyo tuliipata wawili, mimi na mtani wangu. Ukoo wa mama yangu na ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo ingawa umri wake ni wa kunizaa, hatukuwahi kusalimiana kama watu. Mimi namwita maiti, yeye ananiita mwizi wa kuku. Akinikuta nakula, anachukua sahani na kuondoka nayo. Nikimkuta amekaa barazani kwake, namuuliza mbona hafi, tumechoka kusubiri pilau. Ndiyo heshima yetu hiyo, na atakayenuna ameshindwa. Watafiti walimtaka yeye hasa, maana alikuwa akikwangua gome la mti kwa ukucha, ananusa, anautaja mti kwa Kimwera bila kutazama majani. Mimi walinitakia mgongo.

Begi hakuwa nalo, alikuwa na kiroba cha unga na kamba. Tukakubaliana vitu vyetu vyote viingie kwenye shanta langu, yeye abebe dumu la maji. Siku ya safari nikapanga mizigo barazani kwangu kama mtafiti mmoja alivyonielekeza: vyepesi chini, vizito katikati vikiegemea mgongo, vya kuhitajika haraka juu. Mablanketi yakaenda chini. Unga wa muhogo, dagaa, sufuria na turubai vikafuata. Nguo zake zilikuwa shati moja na msuli. Mwisho akanipa kopo kuukuu la maziwa ya unga, amelifunga kwa mpira wa baiskeli.

"Mtani, kopo hili lisibaki. Likibaki mtanizika hukohuko."

"Tutakuzika kifudifudi," nikamwambia, "usije ukarudi kutuomba ugoro."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nakwambia kweli, mwizi wa kuku wee!"

"Kweli ya maiti nani anaisikiliza?"

Akaenda kujaza dumu lake, huku nyuma shanta likagoma kufunga. Juu kulikuwa na vitu viwili vinavyogombea nafasi moja: kopo lake na redio yangu. Wiki hiyo timu ya nyumbani ilikuwa na mechi, na kule tulikokuwa tunakwenda simu hazishiki. Nikalitikisa kopo, likalia kachakacha. Nikasema moyoni, haya ni makorokoro ya kizee tu. Sikulifungua. Nililisukuma nyuma ya kinu palepale barazani, nikaingiza redio, na zipu ikapita bila tabu.

Gari la watafiti lilitupeleka Ruangwa, likaipita Namungo, likatushusha mahali barabara inapokufa, tukaanza kutembea. Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Mechi tuliisikiliza pamoja chini ya turubai, na bao lilipoingia mtani wangu aliinuka akacheza na sufuria mkononi. Mpaka leo nikikumbuka furaha yake ile naona aibu.

Siku ya tatu asubuhi watu walikuwa wanachoma mashamba bondeni, moshi ukatupandia. Nilimwona ameinama, mikono magotini, kifua kinapiga mluzi. Nikamwambia, "Maiti, leo ndiyo leo?" Aliinyoosha mikono yake kwenye shanta, akasema maneno mawili tu, moja moja: "Mtani. Kopo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba habari ya kopo hakuwa anatania.

Nilipiga magoti, nikafungua. Nilijua halimo. Lakini watafiti walikuwa wamesimama wananitazama, basi nikajifanya natafuta. Redio ilitoka ya kwanza, maana ilikuwa juu kabisa. Yeye akaitazama. Nikatoa turubai, sufuria, dagaa, unga, nikakung'uta hata mablanketi, na mtu anakosa pumzi mbele yangu. Shanta lilipobaki tupu nikasema, "Jamani, nimelisahau nyumbani." Mungu anisamehe, nilitoa hata machozi.

Tulikata miti miwili, tukafunga turubai tukapata machela, tukambeba mpaka kijijini, na kutoka hapo pikapu ikamwahisha hospitali Ruangwa. Alipona. Mke wake ndiye aliyenieleza kwamba ni pumu, kwamba kwenye kopo mlikuwa na vidonge na ile dawa yake ya kuvuta, na kwamba alificha ugonjwa asije akanyimwa kazi. Kisha akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumbeba mumewe. Nami nikaitikia, "Usijali, mama."

Watafiti hawakumchukua tena. Mimi nimekwenda nao mara tatu zaidi, na shanta lilelile. Yeye kazi yake sasa ni kusuka mikeka, na kisa chetu akakigeuza utani. "Huyu alitaka kunizika, na hilo nalo likamshinda!" Watu wanacheka, nami nacheka, nikirudi nyumbani chakula hakipiti.

Mwaka huu nilichoka. Nikamfuata barazani kwake, nikakaa chini.

"Mtani, lile kopo sikulisahau."

"Ehe, mwizi wa kuku, leo umekuja na lipi?"

"Nililitoa. Nilitaka nafasi ya redio."

Akacheka, akapiga paja. Nikamwambia sitanii. Akazidi kucheka. Ikabidi nimwapie kwa kaburi la mama yangu, na kwetu kaburi la mama halitaniwi. Kicheko kikakatika. Akauweka chini ukili wa mkeka aliokuwa akisuka.

"Redio niliiona," akasema. "Nikajiambia hapana, kasahau."

Nikamwomba msamaha. Akasema yamekwisha, akanishukuru kwa kumwambia, akaendelea kusuka.

Kesho yake mchana nilikuwa barazani kwangu nakula ugali na kisamvu. Nikamwona anakuja na njia. Nikainua sahani, nikaita kwa nguvu, "Maiti! Chako hiki, njoo uibe!"

Alisimama, akavua kofia.

"Habari za mchana, bwana," akasema. "Wewe kula tu, mimi nimeshiba."